Ilimu ya Tijara na Daftari ya Mwanafunzi

Mwaka 1984, Kenya ilipoifuata shauri ya tume ya Mackay, iliyopendekeza chuo kikuu cha pili, na kuasisi Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses, karibu na Eldoret, muradi ulikuwa kuwapa vijana ilimu iliyoshikamana na amali; na ijapokuwa ujasiriamali hufundishwa leo katika vyuo vingi, aghalabu mwanafunzi hutakiwa aandike mpango wa biashara, mwalimu akausoma, akautia alama, na yakaishia hapo, ilhali anayestahiki kumhukumu mfanyabiashara ni mnunuzi.

Natukadirie mfano. Mwanafunzi anunua kwa mkulima wa Uasin Gishu lita 20 za maziwa, kila lita kwa shilingi 50, akayagandisha yawe mala, akikusudia kuyauza kwa shilingi 80 kila lita. Karatasini amefaidi shilingi 600. Lakini lita 2 zikiharibika, atapokea shilingi 1,440 tu; na akiisha kutoa 1,000 za maziwa, 200 za chupa na 150 za gesi na nauli, husalia shilingi 90, wala hajauhesabu ujira wa mikono yake mwenyewe. Fauka ya hayo, wenzake wa bwenini wakikopa mpaka fedha za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ziingie, kesho hana cha kununulia maziwa, hata kama daftari yasema amefaidi. Kuipambanua faida na fedha taslimu ndiyo bawaba ya ilimu hii, na hazipambanuki ila kwa mwenye kuuza.

Eldoret ina darasa kubwa zaidi. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoasisiwa mwaka 1976, kikadhoofika hata kikafungwa baada ya soko kufunguliwa na mitumba kufurika, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 kwa ajili ya mafunzo, utafiti na uzalishaji. Katika habari zake mwanafunzi ajifunza kwamba mitambo peke yake haitoshi: pamba sharti ifike kwa wakati, umeme ulipwe, na kitambaa kishindane bei na mtumba.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo wamkabidhi kila mwanafunzi wa somo hili mtaji mdogo, uwe mkopo wala si hiba, aufanyie biashara muhula mzima, kisha atahiniwe kwa daftari yake. Na aliyepata hasara akaweza kubainisha sababu zake, asinyimwe alama.