Kwa Nini Programu za Ziada Zina Ghala Lake

Bwana Mhariri amenitaka nieleze jambo ambalo wanafunzi wa hapa Kigali huniuliza kila mara waingiapo katika chumba cha kompyuta: "Mwalimu, Linux hii yasifiwa sana, mbona programu niitakayo haimo?" Nami nilisoma katika shule hii, na sasa ndimi niitunzaye seva yake, basi nitajaribu.

Wenzangu mliolala bwenini mwaijua desturi. Shule hutoa kitanda, paa na maharagwe. Godoro, sabuni na sanduku huja navyo mwenyewe. Umetia nini sandukuni si shauri la mtu (isipokuwa siku ya ukaguzi). Lakini ukiondoa kufuli la mlango wa bweni ukatia lako, utaitwa ofisini siku hiyo hiyo.

Ndivyo ilivyo Linux ya maofisi. Kampuni ya Red Hat hutoa mfumo wa msingi uitwao Red Hat Enterprise Linux, na huahidi kuutunza kwa miaka 10, yaani tundu la usalama likionekana, huzibwa. Ahadi kama hiyo haiwezekani kwa kila programu iliyoko duniani, kwa hiyo wamechagua chache. Maelfu ya nyingine hukaa katika ghala la pili liitwalo EPEL, litunzwalo na watu wa kujitolea wa mradi wa Fedora. Kila kifurushi hutiwa sahihi, ili mashine ikikipokea ijue kimetoka kwao wala hakikuchezewa njiani. Na sheria yao kubwa ndiyo ile ya kufuli: kifurushi cha EPEL hakina ruhusa ya kuchukua mahali pa kifurushi cha msingi.

Rwanda imepata kuona mpango wa jinsi hii mikononi mwa watoto. Mwaka 2008 zilianza kuja kompyuta ndogo za XO, za kijani na nyeupe, za shirika la One Laptop per Child. Baadaye zilizidi laki mbili nchini. Ndani yake mlikuwa na Linux iliyojengwa juu ya Fedora, na katika zile za kwanza nafasi yote ya kuhifadhia vitu ilikuwa gigabaiti 1 tu. Mwaka huo huo watengenezaji walitenga mfumo na programu za watoto, zile za kuandika, kuchora na kupiga muziki, zikawa zaongezwa kando. Hivyo mfumo uliweza kubadilishwa pasipo kugusa kazi ya mtoto. Lakini aliyeweka mfumo mpya akasahau hatua ya pili, alimpa mtoto mashine tupu.

Mimi nilijifunza sheria ya kufuli kwa aibu. Julai 2018 seva yetu ilitumia CentOS 7, ndugu wa Red Hat asiyelipiwa. Nilitaka programu fulani iliyohitaji lugha ya Python ya 3, na mfumo ulikuwa na ya 2.7. Nikaijenga mpya kwa mikono yangu, kisha nikaliondoa jina la ile ya zamani na kuliweka juu ya mpya. Nilijiona fundi! Kumbe yum, chombo kiletacho vifurushi vyote, chenyewe kimeandikwa kwa Python ya zamani. Kikakataa kufanya kazi kabisa. Jioni ile ripoti za muhula zilikuwa hazijachapwa, na programu ya kuchapia ilitaka kifurushi kimoja zaidi, nacho sikuwa na njia ya kukileta. Wazazi walikuwa waje asubuhi.

Saa nane za usiku nilitambua kosa, nikalirudisha jina la zamani mahali pake, yum ikaamka. Ndipo nikatazama katika EPEL, nikaikuta Python ya 3.6 imeketi kwa jina lake mwenyewe, kando ya ile ya 2.7, bila kuisukuma. Amri moja tu, dakika chache. Ripoti zilitoka mashineni zingali na joto wazazi wakiingia langoni.

Lakini msidhani ghala la pili ni sawa na la kwanza. Mtu wa kujitolea akichoka, au akipata kazi nyingine, kifurushi chake huachwa, na asipopatikana mwingine huondolewa. Tena ghala hilo hufa pamoja na msingi wake: CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024, na EPEL ya 7 ikafungwa vilevile. Kabla ya kuhamia AlmaLinux 9 niliandika katika daftari kila kifurushi tulichokuwa tumekitoa katika EPEL, nikavitafuta kimoja kimoja katika ghala jipya. Vingi vilikuwamo. Viwili havikuwamo, kwa kuwa hakuna aliyejitolea kuvitunza. Kimoja niliweza kuishi bila yake. Cha pili ndicho walichokipenda wanafunzi wa kidato cha nne, nao hawajaacha kuniuliza.