Je, Ununue Motokaa Iliyopata Kugongwa?

Karibu na mwezi wa Oktoba kila mwaka, wakulima wapelekao majani ya chai katika viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo, Nyamache na Kiamokama hupata malipo yao makubwa, ambayo wenyewe huyaita bonasi. Huo ndio wakati ambapo ndugu wawili watatu huchanga fedha ili wanunue motokaa kuukuu. Mara nyingi huitaka Toyota Probox, gari ambalo katika kaunti za Kisii na Nyamira limezoea kubeba ndizi asubuhi na watu mchana. Wamepata moja, rangi yang'aa na bei si mbaya. Kisha fundi fulani awanong'oneza kwamba gari hilo liliwahi kupata ajali. Je, waliache?

Si lazima. Magari mengi mazuri yamepata kuguswa barabarani. Jambo kubwa si kama gari liligongwa, bali liligongwa wapi.

Yafaa msomaji aelewe jinsi gari lilivyojengwa. Pikapu kama Toyota Hilux ina chesisi, yaani vyuma viwili virefu vilivyolala chini, na bodi imewekwa juu yake. Probox haina chesisi ya namna hiyo. Bodi yake yote ndiyo uti wake wa mgongo. Mlango, boneti, bampa na madigadi ya mbele ni kama nguo tu, maana hufunguliwa kwa spana na kubadilishwa bila ya kudhoofisha gari. Lakini nguzo za milango, sakafu, na vile vyuma vinavyoshika injini ni mifupa. Mifupa ya mbele imetengenezwa makusudi ili ijikunje wakati wa ajali na kumeza nguvu ya kishindo, isiwafikie watu waliomo ndani. Ikisha jikunja mara moja, kisha ikanyooshwa kwa moto na nyundo, chuma chake hupoteza nguvu. Kwa macho yaonekana imenyooka, lakini katika ajali ya pili haitafanya kazi yake ya kwanza. Hapo ndipo watoto wako watakuwa wameketi.

Basi likague gari asubuhi, likiwa kavu. Alasiri nyingi nchi ya Kisii hupata mvua, na maji juu ya rangi huficha mengi. Tazama nafasi zilizo kati ya milango na bodi: zapasa kulingana upande wa kuume na wa kushoto. Funga sumaku ndogo katika kitambaa chembamba uipitishe juu ya bodi. Pale isiposhika, huenda pana pati iliyopakwa kufunika bonde, ila usiijaribu kwenye bampa, kwa kuwa hiyo ni ya plastiki. Tazama vichwa vya bolti za boneti na madigadi, kama rangi yake imekwaruzwa na spana. Inua zulia la buti uone kama sakafu imekunjamana au ina alama za kuchomelewa. Katika nchi ipatayo mvua ya milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, mahali palipochomelewa vibaya huliwa na kutu upesi.

Watu wengi huisahau taa ndogo ya mifuko ya hewa. Ufunguo uwashwapo, taa hiyo huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Isipozimika, mifuko ina kasoro. Isipowaka kabisa, shuku zaidi, maana wako wanaoiondoa ili isijulikane kwamba mifuko ilikwisha pasuka wala haikurudishwa.

Halafu endesha gari, ukiwa na fundi wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Barabara ya kwenda Keroka ina vilima vya kutosha kupima breki. Gari likivuta upande mmoja, au tairi zake zimelika upande mmoja tu, huenda mifupa imepinda.

Sasa karatasi. Kwa shilingi mia chache, mtu yeyote aweza kutafuta habari za gari kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, akapata jina la mwenyewe pamoja na nambari za chesisi na injini. Wengi hudhani kwamba karatasi hiyo ni cheti cha uzima wa gari. Sivyo, haielezi ajali. Kwa gari lililotoka Japani karibuni, uliza karatasi ya mnada wa huko. Wakaguzi wa mnada huandika herufi R au RA kwa gari ambalo mifupa yake iliwahi kutengenezwa. Na ukiona katika karatasi za mauzo kwamba kampuni ya bima ndiyo iliyoliuza, uliza sana, kwa kuwa kampuni hizo huuza magari ambayo hazikuona faida kuyatengeneza.

Ikiwa mifupa iliguswa au mifuko ya hewa haipo, maoni yetu ni kwamba uliache, hata kama bei ni nusu. Ikiwa ni mlango na bampa tu, nunua, lakini bei ishuke kweli. Tuseme gari zima lauzwa shilingi 700,000, na hili lililogongwa laulizwa 650,000. Punguzo hilo ni dogo mno, maana siku utakapoliuza wewe, mnunuzi wako naye atakunong'onezewa habari zile zile.

Habari ya ajali iandikwe katika mapatano, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, na kutiwa sahihi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimsaidii sana mnunuzi aliyelikagua gari kisha akalalamika juu ya kasoro ambayo alipaswa kuiona. Tena usimalize kulipa kabla muuzaji hajaanza kuhamisha jina kwa akaunti yake ya eCitizen; asiyejua kutumia mtambo huo aweza kwenda Huduma Centre mjini Kisii, wakae wote wawili mbele ya karani.