Kibla, Ukuta na Pembetatu

Mtoto hurudi kutoka shuleni amekariri kwamba pembe tatu za ndani za pembetatu jumla yake ni nyuzi 180, lakini hajui zitamfaa nini. Tumwonyeshe kwa mfano wa Tabora.

Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Muislamu aliyejenga tembe lake hapa, mbali na pwani, alipaswa kujua Makka iko upande gani. Kibla cha Tabora ni takriban nyuzi 14 kutoka kaskazini, kuelekea mashariki.

Tuchukue chumba ambacho ukuta wake umenyooka kutoka kusini hadi kaskazini. Mstari wa kibla unaoanzia ukutani hufanya nao pembe ya nyuzi 14. Safu ya wanaoswali huukata mstari huo kwa pembe mraba, nyuzi 90. Pembetatu imekwisha kupatikana, na pembe baina ya safu na ukuta ni 180 kutoa 104, yaani nyuzi 76.

Na safu ya pili? Safu zote ni sambamba, hivyo ukuta huzikata zote kwa pembe ile ile. Kipimapembe na chaki vyatosha.

Al-Biruni, aliyetafuta kibla cha Ghazna katika karne ya 11, alikuwa na kazi nzito zaidi, kwani alipima juu ya tufe la dunia. Sisi tulishindwa hata sakafuni: nyuzi 14 tulizihesabu kuelekea magharibi, na mtoto ndiye aliyetusahihisha.