Thumni ya ekari si hamsini kwa mia

MABANGO ya kuuza ploti yametapakaa pande za Vipingo na Kuruwitu, kaunti ya Kilifi. Ukiuliza ukubwa wa ploti utajibiwa "hamsini kwa mia". Ukisisitiza ujue hiyo ni sehemu gani ya ekari, broka atakwambia pasi na kufikiri kwamba ni "moja juu ya nane". Makala ya leo inahusu lugha, ila lugha hii, msomaji, ina uwezo wa kukupunguzia ardhi.

Tupige hesabu kwanza. Futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Ekari moja ina futi mraba 43,560, na ukiigawa mara nane unapata 5,445. Pengo ni futi mraba 445, yaani vyumba vitatu au vinne vya kulala. Muuzaji anaweza kujitetea kwamba kipande hicho kimeingia kwenye barabara ya ndani, na pengine ni kweli. Lakini basi asiseme ni sehemu ya nane ya ekari.

Sehemu hiyo ya nane ina jina lake safi: thumni, au thumuni. Ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, pamoja na nusu, robo na thuluthi. Wakenya wa umri wangu tulilitumia kila siku bila kujua, kwani sumuni, ile sarafu ya senti hamsini, ndiyo thumuni hiyo hiyo. Kwa nini nusu shilingi iitwe sehemu ya nane? Kwa sababu jina lilibaki kutoka enzi za riale, ambapo thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Sarafu ilibadilika, jina likakataa kuondoka. Ningefurahi kusikia mtu akinunua "thumni ya ekari", mradi apimiwe thumni kweli.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni la neno mraba. Watu huandika "kiwanja cha mita 50 mraba". Maandishi hayo yana tafsiri mbili. Mmoja atasoma eneo la mita mraba 50. Mwingine atasoma kiwanja chenye umbo la mraba, kila upande mita 50, na hilo ni eneo la mita mraba 2,500, zaidi ya nusu ekari. Kwenye mkataba wa mauzo tofauti hii inatosha kuwapeleka ndugu wawili mahakamani. Pendekezo langu ni kwamba neno mraba lishikamane na kipimo, na tarakimu ije mwisho: mita mraba 50. Ukikusudia umbo, sema "mraba wenye upande wa mita 50". Na ukikusudia urefu na upana, tumia "kwa": futi 50 kwa 100.

Halafu kuna hatua. Bado wapo wanaokuonyesha ploti kwa kutembea: hatua 20 upana, hatua 40 urefu, "haya, hiyo ndiyo hamsini kwa mia". Hesabu inakubali iwapo kila hatua ni futi mbili na nusu. Anayetembea kwa madaha, hatua zake zikiwa futi mbili mbili, amekuonyesha 40 kwa 80, futi mraba 3,200. Zaidi ya thuluthi imeyeyuka mbele ya macho yako, na hakuna aliyesema uongo!

Wazee wetu waliijua hila ya viungo vya mwili. Ndiyo maana Kiswahili kinatofautisha mkono kamili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. (Konde hii ni ngumi, isichanganywe na konde la kulima.) Mikono miwili ni wari, minne ni pima, na kwa pima mvuvi hupima kina cha maji na urefu wa kamba yake hadi leo.

Kwa shamba, neno ninalolienzi ni ngwe. Umoja wake, ugwe, ni kamba nyembamba. Ngwe pia ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu alime. Naona uhusiano uko wazi: kamba ilitandazwa, kipande kikapata jina la kamba. Mashabiki wa kandanda wanaosoma magazeti ya Tanzania wanaikuta "ngwe ya pili" bila kujua kwamba wanatembea shambani.

Yote haya, futi, hatua, thumni, hayamo kwenye hati ya umiliki. Hati huandikwa kwa hekta. Kuizoea hekta si kazi ngumu: eneo la bahari lililohifadhiwa na wanajamii wa Kuruwitu ni hekta 30, takriban ekari 74. Thumni kamili ya ekari ni hekta 0.0506. Hamsini kwa mia ni 0.0465. Kabla ya kutia saini, angalia tarakimu zinazofuata ile sufuri ya pili.