Maneno madogo ya Kiingereza yanayobadilisha maana: mifano kutoka Arua na Koboko

Kwenye kadi ya zahanati, muuguzi ameandika maneno matano tu: "Come back in two weeks." Mama anayezungumza Kikakwa na Kiswahili anaisoma kadi hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani Koboko. Neno "in" analijua. Shuleni alifundishwa kwamba ni "ndani ya". Anaelewa, basi, kwamba anaweza kurudi siku yoyote ndani ya wiki mbili, na siku ya tano anafunga safari. Lakini muuguzi alikusudia jambo jingine: arudi wiki mbili zikishapita. Kama angetaka kusema "ndani ya wiki mbili", Kiingereza kingempa neno jingine, "within".

Hali kama hii inaweza kumpata yeyote anayeishi kwa lugha moja na kuandikiwa kwa nyingine. Si kwamba mama huyo hajui Kiingereza. Kila neno katika sentensi ile analijua. Tatizo liko katika namna maneno hayo yanavyoungana.

Njia panda ya lugha

Arua, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2020, iko karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, inapakana na Congo na vilevile Sudan Kusini. Masokoni husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, mara nyingi katika mazungumzo ya watu wale wale.

Kwenye karatasi mambo ni tofauti. Kadi ya hospitali, barua ya shule, wito wa mahakama na fomu ya ofisi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995. Marekebisho ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hadi uamuzi huo utakapozaa matunda maofisini, msemaji wa Kiswahili atahitaji kuuelewa mfumo wa Kiingereza.

Mahali pamoja, maneno mengi

Kila lugha ina njia yake ya kuonyesha mahali. Kilingala hutumia neno moja, "na", kwa shughuli nyingi. Kinubi hutanguliza "fi" mbele ya nomino, ilhali katika Kilugbara neno la mahali huja baada ya nomino. Kiswahili huongeza kiambishi "-ni" na kukiachia kitenzi kazi ya kueleza mwelekeo. Tunasema "yuko sokoni", "ameenda sokoni" na "ametoka sokoni". Neno "sokoni" halibadiliki hata kidogo.

Kiingereza hufanya kinyume. Huliacha neno "market" kama lilivyo na kubadilisha kihusishi kilicho mbele yake: "at the market", "to the market", "from the market". Anayekosea kihusishi hapa huweza kumfanya msikilizaji adhani mtu anakwenda, kumbe anarudi.

Kulipa na kulipia

Kiswahili pia huficha uhusiano wa aina hii ndani ya kitenzi chenyewe, kwa mnyambuliko unaoitwa kauli ya kutendea. "Nimemlipa" na "nimemlipia" hutofautiana kwa irabu moja tu. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni "I have paid him"; ya pili ni "I have paid for him". Katika kituo cha mabasi, sentensi ya kwanza hufunga deni, na ya pili huenda ikafungua jingine. Anayesahau "for" hupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Vivyo hivyo, "nimehama Koboko" ni "I have moved from Koboko", na "nimehamia Koboko" ni "I have moved to Koboko". Kwa familia inayobadilisha anwani katika kumbukumbu za ofisi, tofauti hiyo huamua taarifa zake zitatumwa wapi.

Kuna pia mahali ambapo Kiswahili hakidai chochote, nacho Kiingereza kikadai kihusishi. "Nisikilize" ni "listen to me"; "nisubiri" ni "wait for me"; "nieleze" ni "explain to me". Kwa upande mwingine, wengi nchini Uganda husema "discuss about", ilhali katika Kiingereza sanifu "discuss" hujitosheleza bila msaada.

Nani alimwambia nani?

Viwakilishi navyo vina mtego wake. Katika Kiswahili, "alimwambia kwamba amemlipa" ni sentensi kamili, wala haisemi kama wahusika ni wanaume au wanawake. Kiingereza hakiruhusu ukimya huo kwa urahisi. Humlazimisha mfasiri kuchagua kati ya "he" na "she", kisha kati ya "him" na "her". Maelezo yanapoandikwa polisi au mahakamani, uchaguzi usio sahihi huweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwapo. Kwa sababu hiyo, msemaji hufanya vyema kutaja majina, na mfasiri makini huuliza kabla ya kuandika.

Kitenzi na mwenzake

Sehemu inayowatatiza wengi zaidi ni vitenzi vinavyoambatana na neno dogo na kupata maana mpya. "Put" ni kuweka, lakini "put off" ni kuahirisha. "Call" ni kuita, lakini "call off" ni kufuta kabisa. "Turn down" ni kukataa, na "hand in" ni kuwasilisha. Anayeambiwa kwamba kesi yake ni "put off" bado ana siku ya kurudi mahakamani. Anayechanganya maneno hayo na "called off" atabaki nyumbani siku ambayo jina lake litaitwa.

Nafasi ya kiwakilishi pia ina kanuni. Mtu anaweza kusema "fill in the form" au "fill the form in", lakini kiwakilishi kikichukua nafasi ya fomu, hukaa katikati tu: "fill it in". Kwa "look after the child" hali ni tofauti. Husemwa "look after her", wala neno "after" halihami. Sababu ni kwamba "in" katika mfano wa kwanza ni sehemu ya kitenzi, ilhali "after" ni kihusishi kinachoitangulia nomino yake. Kiswahili hakina mashaka hayo, kwani "ijaze" na "mtunze" hubeba kila kitu ndani ya neno moja.

Matumizi ya mahali nayo yana nafasi yake. Nchini Uganda, "I will pick you" hueleweka bila shida kuwa ni kuja kumchukua mtu. London, msikilizaji angetarajia "pick you up".

Njia rahisi ya kujisaidia

Historia imekipa Kiingereza maneno mawili kwa mambo mengi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilianza kupokea maneno mengi ya Kifaransa, na baadaye mengine moja kwa moja kutoka Kilatini. Ndiyo maana kando ya "put off" kuna "postpone", kando ya "call off" kuna "cancel", na kando ya "hand in" kuna "submit". Asiyeelewa anaweza kuomba aambiwe neno moja badala ya mawili, kisha alitafute katika kamusi.

Anayejifunza naye afanye vyema kukariri kitenzi pamoja na mwenzake, kama mtu anayejifunza jina na ubini kwa pamoja. Na pale ambapo afya, ada au kesi inahusika, swali fupi linatosha: "Ni tarehe gani hasa?" Muuguzi akiiandika tarehe hiyo kwenye kadi, mama wa Koboko hatakuwa na haja ya kukisia maana ya "in".