Mapumziko Mbugani Pamoja na Rafiki

Huko Ulaya, siku za mapumziko, marafiki huenda pamoja kwenye viwanja vya mashine za kuchezea. Sisi wa Bulengera tunayo, upande wa mashariki, Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Njia zikiwa salama, twende na rafiki mpaka Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, tutazame viboko. Katika miaka ya 1970 walizidi 20,000. Mwaka 2005 hawakutimia 1,000, kwani wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Na mavi ya kiboko ndiyo yanayorutubisha maji ya samaki wetu. Basi, ndugu msomaji, rafiki akikukaribisha nyama hiyo, mkatalie kwa upole, umweleze na sababu.