Mpira wa maji usizame ndani ya pipa la munkoyo



Munkoyo unataka maji mengi: ya kupika uji wa mahindi, ya kuuongeza, ya kuosha vyombo. Kubeba ndoo toka robine ya nje kunavunja mgongo. Ndiyo sababu baba wengi wanavuta tiyo mpaka jikoni, wanafunga robine, kisha wanatia mpira mpaka ndani ya pipa. Wazo ni zuri. Lakini ncha ya mpira ule ikikaa vibaya, inaleta ugonjwa kwako na kwa jirani.

MAJI YANAWEZA KURUDI NYUMA

Wengi wanafikiri maji ya tiyo yanaenda upande mmoja tu. Si hivyo. Maji yanatoka kwa sababu yanasukumwa. Umeme ukikatika na pampu zikisimama, au tiyo ikipasuka barabarani, nguvu ile inaisha na maji yanashuka. Yakishuka, yanavuta kilicho nyuma yao. Kama robine iko wazi na ncha ya mpira imezama, maji ya pipa yanafyonzwa ndani ya tiyo pamoja na uchafu wake wote. Na katika kambi, tiyo moja inalisha nyumba nyingi za mstari. Maji yakianza kutoka tena, jirani anakinga kikombe, anampa mtoto wake.

Hii si hadithi. Mwaka 1933, katika mji wa Chicago, Marekani, maji machafu yaliingia katika maji ya kunywa ya hoteli kwa sababu ya tiyo zilizofungwa vibaya. Watu zaidi ya 1.400 walishikwa na ugonjwa wa amiba, na 98 walikufa. Sisi wenyewe tuliona kipindupindu katika Lubumbashi na Likasi mwaka 2008. Tunajua maji machafu yanafanya nini.

MZIZI HAUCHEMSHWI

Uji ukichemka, vijidudu vinakufa. Lakini mzizi wa munkoyo unatiwa uji ukiisha kupoa kidogo, kwa maana moto mkali unaua nguvu yake ya kulainisha uji. Tangu saa ile hakuna moto tena. Maji mabichi utakayoongeza yatabaki mabichi mpaka kikombeni.

FANYA HIVI

1. Ncha ya mpira au ya robine ikae juu ya ukingo wa pipa, kwa upana wa vidole vitatu (sentimita 5). Maji yaanguke hewani. Hewa haiwezi kurudisha uchafu.

2. Ukimaliza, funga robine, ondoa mpira, utundike ukauke. Kesho yake mwaga maji ya kwanza.

3. Omba fundi wa maji aweke klape inayozuia maji kurudi. Lakini klape inachakaa. Sheria ya vidole vitatu ibaki.

4. Maji ya kuongeza baada ya kutia mzizi yachemshwe kwanza, yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko.

5. Pipa lililobeba asidi, mafuta au dawa za usine lisiingie jikoni, hata likioshwa mara kumi.

6. Munkoyo uliochacha usilale ndani ya chombo cha shaba wala ndoo ya zinki. Uchachu unakula metali, na metali ile inatapisha watu.

7. Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache yatoke mpaka yawe meupe, kisha chemsha ya kunywa.

Mtoto akianza kuhara, mnyweshe mara kwa mara na umlete dispansere siku ile ile. Usingoje macho yaingie ndani.

Baba, leo ukitoka kazini ingia jikoni, angalia ncha ya mpira iko wapi. Kama imezama, ikate. Ni kazi ya dakika moja, na kisu kinatosha.